Otto Lilienthal: Mtu Aliyejivika Mabawa

Kiswahili kina neno moja kwa kiumbe mwenye manyoya na kwa chombo cha chuma kinachobeba abiria angani. Vyote viwili huitwa ndege, na ni upatanisho wa kisarufi tu unaovitenga: ndege huyu ametua mtini, ndege hii imetua uwanjani. Wazee wa pwani waliongeza maana ya tatu, ile ya ishara ya mambo yajayo, ndipo wakanena habari za ndege njema na ndege mbaya. Hapa Machakos, ambako makala haya yanaandikwa, hali ni tofauti kidogo. Mkamba humwita kiumbe wa manyoya nyunyi. Neno ndeke, lililokopwa kutoka Kiswahili, limetengewa chombo peke yake. Katika mkopo huo ile sitiari ya awali, ya kwamba chombo ni mfano wa kiumbe wa porini, ilivuliwa njiani.

Nimeanza na msamiati kwa sababu Mjerumani ninayekusudia kumsimulia, Otto Lilienthal, aliishi na kufa katikati ya maana mbili za kwanza za neno hilo. Huyu ndiye mtu wa kwanza ambaye ushahidi usio na shaka, zikiwemo picha za kamera, unathibitisha kwamba aliruka angani mara nyingi na kwa mpango, akiwa amejivika mabawa aliyoyabuni mwenyewe. Siku hizi vijana wanapozungumzia vyombo vya kuvaa mgongoni kama mkoba, vyenye injini za jeti za kumwinua mtu mmoja, wanairithi ndoto yake. Wanairithi pia hatari yake, kwa kiasi kikubwa kuliko wanavyodhani.

Lilienthal alizaliwa tarehe 23 Mei 1848 katika mji mdogo wa Anklam, jimbo la Pomerania, katika ufalme wa Prussia. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Kati ya watoto wanane waliozaliwa katika nyumba hiyo, ni watatu tu waliopona hadi utu uzima: Otto, mdogo wake Gustav, na dada yao Marie. Baba alifariki mwaka wa 1861, akamwachia mkewe mzigo wa kuwasomesha wana.

Anklam imezungukwa na mbuga za majani ambako korongo weupe huja kiangazi kutafuta vyura. Otto na Gustav walishinda huko wakiwatazama. Waligundua jambo ambalo mchungaji yeyote wa Ukambani anaweza kulithibitisha kwa ndege wakubwa wa kwake: korongo anapotaka kuruka huukimbilia upepo, haukimbii. Wakiwa bado wanafunzi walijitengenezea mabawa ya mbao nyembamba, wakayafunga mikononi na kuteremka kilima mbio. Walifanya hivyo usiku, wasije wakachekwa na wenzao. Hawakuinuka hata shubiri moja.

Masomo yake ya ufundi huko Potsdam na Berlin hayahitaji maelezo marefu, wala utumishi wake katika vita vya 1870 na 1871 baina ya Prussia na Ufaransa. Lililo muhimu ni kwamba alitoka humo akiwa mhandisi kamili, na kwamba katika miaka hiyo hiyo yeye na Gustav waliunda mtambo wa mabawa ya kupiga, unaosukumwa kwa miguu na kuning'inizwa kwa kamba yenye uzani upande wa pili. Kwa jasho jingi waliweza kuinua takriban nusu ya uzito wa mtambo pamoja na mtu. Nusu ya pili ilibaki kuwa deni. Wengi wangekata tamaa hapo, au wangeongeza ukubwa wa mabawa na kujaribu tena kwa kubahatisha. Lilienthal alifanya jambo la tatu: aliacha kuruka, akaanza kupima.

Upimaji huo ulishika kasi mwaka wa 1874. Alitengeneza mkono mrefu unaozunguka kama wa kinu, akafunga ncha zake vipande vya mabawa vya maumbo mbalimbali, kisha akapima kani inayoviinua na ukinzani unaovirudisha nyuma. Baadaye alivipima katika upepo wa asili, uwandani. Wataalamu wengi wa wakati ule walikuwa wakihesabu kana kwamba bawa ni ubao bapa. Vipimo vyake vilionyesha kwamba bawa lililopinda kidogo, kama kiganja kinachotaka kuteka maji lakini kimegeuzwa chini, huinua uzito mkubwa zaidi kwa ukinzani mdogo zaidi. Hilo ndilo umbo la bawa la korongo, na ndilo umbo la bawa la ndege zote zinazotua leo Nairobi na Mombasa.

Matokeo haya hakuyachapisha mpaka mwaka wa 1889, tena kwa gharama yake mwenyewe, katika kitabu kinachochukua kuruka kwa ndege wa porini kuwa msingi wa sanaa ya urukaji. Kitabu hakikununuliwa sana alipokuwa hai. Hata hivyo, kwa kuwa alikijaza majedwali na michoro ya vipimo, aliwapa wengine uwezo wa kumkosoa. Wabunifu wengi wa zama zake walificha siri zao wakisubiri utajiri. Yeye aliziweka mezani.

Kwa nini miaka 15 ipite kati ya kipimo na kitabu? Jibu ni maisha. Mwaka wa 1878 alimwoa Agnes Fischer, binti wa mchimba madini wa Saxony, wakajaliwa watoto wanne. Alihitaji kula. Pamoja na Gustav alibuni matofali madogo ya mawe ya bandia kwa ajili ya michezo ya watoto; haki ya kuyatengeneza iliuzwa kwa bei ya kutupa kwa mfanyabiashara mmoja aliyetajirika nayo. Kisha alibuni boila ndogo ya mabomba yaliyozungushwa, ambayo haikuwa na hatari ya kulipuka kama zile kubwa, akafungua kiwanda chake mjini Berlin. Boila hiyo ndiyo iliyolipia mabawa.

Msomaji wa fasihi atapendezwa na upande mwingine wa mtu huyu. Mwaka wa 1890 aliamua kuwagawia wafanyakazi wake robo ya faida ya kiwanda, jambo lililokuwa nadra kwa tajiri wa wakati ule. Alisaidia ukumbi wa maonyesho mashariki mwa Berlin ili uwe na tiketi za bei nafuu kwa makabwela, akapanda jukwaani kuigiza, na hata akaandika tamthilia kuhusu ulaghai katika biashara, ambayo iliigizwa katika ukumbi huo. Katika barua ya mwaka wa 1894 alieleza tumaini lake kwamba watu wakishaweza kuruka, mipaka ya nchi haitalindika tena, na mataifa yatalazimika kutatua magomvi yao kwa njia nyingine isiyo vita. Tumaini hilo halikudumu. Mwaka wa 1915, kabla hata ya miaka 20 kutimia tangu kifo chake, ndege za Waingereza zilikuwa zikizunguka juu ya mto Rufiji kuielekezea mizinga manowari ya Kijerumani iliyojificha katika delta.

Na kwa kuwa tumeitaja Berlin, inafaa wanafunzi wa Kiswahili wakumbuke kwamba lugha yao ilikuwa imekwisha kufika huko. Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa mjini humo mwaka wa 1887, na kuanzia 1891 hadi 1895 Amur bin Nasur wa Unguja alikuwa mwalimu wa Kiswahili pale. Habari za maisha yake zilichapishwa mwaka wa 1894 katika mkusanyo wa Carl Büttner. Miaka hiyo minne ni ile ile ambayo Lilienthal alikuwa akiruka viungani mwa mji huo huo. Huku kwetu, Machakos ilikuwa ngome na kituo cha Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na Wakamba walikuwa wakisimuliana utabiri wa Syokimau kuhusu nyoka mrefu atakayetoka kwenye maji makuu. Nyoka huyo wa reli alianza kutambaa kutoka Mombasa mwaka wa 1896.

Turejee mabawani. Mwaka wa 1891, akiwa na umri wa miaka 43, Lilienthal alijitupa hewani huko Derwitz, magharibi mwa Berlin, akaruka masafa ya hadi mita 25. Hatua zilizofuata zilikuwa za mtu asiye na haraka. Mwaka wa 1892 alifikia mita 80 hivi. Mwaka wa 1893, katika vilima vya Rhinow kaskazini-magharibi mwa Berlin, alifikia mita 250. Mwaka wa 1894 alijengesha kilima chake mwenyewe huko Lichterfelde, chenye kimo cha mita 15, kwa udongo uliotolewa katika machimbo ya matofali. Alikifanya duara kama kichuguu kikubwa ili upepo utokapo kokote apate mteremko wa kuukabili. Watu wa Berlin walikuja kumtazama Jumapili, wapiga picha nao wakaja na kamera zao mpya zenye uwezo wa kunasa kitu kinachokwenda kasi. Kwa ajili ya picha hizo ulimwengu uliamini.

Chombo kilichompa sifa zaidi ni kile alichokiuza kwa wengine kuanzia mwaka wa 1894, kwa bei ya marki 500. Kilikuwa na upana wa takriban mita 6.7 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili, eneo la mita za mraba 13 hivi, na uzito wa kilo 20 tu. Mifupa yake ilikuwa fito za mwerebi, mti unaopindika bila kuvunjika. Ngozi yake, kitambaa cha pamba kilichotiwa dawa ili hewa isipenye. Mabawa yaliweza kukunjwa kama ya popo yapite mlangoni au yasafirishwe kwa gari moshi. Angalau watu tisa walivinunua, wakiwemo Nikolai Zhukovsky, mwanasayansi wa Moscow, na Percy Pilcher, mhandisi kijana wa Uingereza. Ni haki kusema kwamba hicho ndicho chombo cha kwanza cha kuruka kilichoundwa kwa wingi kwa ajili ya kuuzwa.

Hapa inatupasa tutulie kidogo, kwani katika ubunifu wa chombo hicho ndimo mlimofichwa ushindi wake na kifo chake.

Mrukaji hakukaa wala kulala. Alisimama katikati ya mabawa, mikono yake imepenya katika mikanda ya fremu, viwiko vimeegemea mito midogo, miguu inaning'inia. Hapakuwa na usukani. Mkia ulikuwepo, lakini hakuuongoza. Alipotaka kugeuka au kurekebisha mizani, alirusha miguu na kiuno upande anaotaka uzito uende. Upepo ukiinua bawa la kushoto, naye hurusha miguu kushoto ili kulishusha. Pua ikiinuka mno, husukuma mwili mbele. Alipotaka kutua aliurudisha mwili nyuma, mabawa yakainuka kuukinga upepo, mwendo ukafa, naye akagusa ardhi kwa miguu yake kama shomoro.

Njia hii ilikuwa na faida moja kubwa: ilifundishika na mwili. Mtu hakuhitaji kukumbuka nyenzo gani yafanya nini. Alijifunza kama mtoto anavyojifunza kutembea. Lilienthal aliruka takriban mara 2,000 kwa namna hiyo, ingawa jumla ya muda wake wote hewani inakadiriwa kuwa saa chache tu. Kasoro yake nayo ilikuwa kubwa. Kwa kuwa kifua na mikono vilikuwa vimebanwa ndani ya fremu, sehemu ya mwili iliyobaki huru ilikuwa kiuno na miguu. Uzito ulioweza kuhamishwa ulikuwa mdogo, na haukuweza kuhamishwa mbali. Upepo wa kawaida ungetii; upepo wa ghafla ungemshinda. Aidha, kadiri chombo kilivyokuwa kikubwa, ndivyo miguu hiyo miwili ilivyozidi kuwa si kitu mbele yake.

Alilijua hilo. Mwaka wa 1894 alianguka vibaya, akaokolewa na tao la fito za mwerebi alilolifunga mbele ya chombo, ambalo lilivunjika vipande badala ya mbavu zake. Mwaka wa 1895 alijaribu njia nyingine za kuongoza, ikiwemo kupinda ncha za mabawa, na akaunda chombo chenye mabawa ya ghorofa mbili ili apate eneo kubwa bila kuongeza upana. Lakini wakati huo huo fikra zake zilikuwa zikivutwa kwingine. Tangu ujana alishikilia kwamba mwanadamu akishajua kuelea ataongeza mabawa ya kupiga, kama korongo. Kuelea kwake kulikuwa shule; mtihani ulikuwa kupiga mabawa. Alitumia muda na fedha kutengeneza injini ndogo ya hewa ya kaboni ya kutikisa ncha za mabawa, ilhali swali la usukani lilikuwa bado halijajibiwa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo korongo, aliyemfundisha umbo la bawa, alipompotosha. Kiumbe wa porini huinuka, husonga na hujiongoza kwa kiungo kimoja. Mwanadamu amekuja kufanikiwa kwa kuzitenga kazi hizo tatu, kila moja na kifaa chake. Mkamba aliyeliacha nyunyi kwa kiumbe na kulikopa ndeke kwa chombo hakuwa na habari za hesabu hizi, lakini utenganisho wake unakubaliana nazo. Sisemi kwamba sitiari ya Waswahili ni mbaya. Bila sitiari hiyo Lilienthal asingeinuka kabisa. Nasema tu kwamba sitiari ikimzidi nguvu mbunifu humfanya aige hata pale asipopaswa kuiga.

Jumapili ya tarehe 9 Agosti 1896 alikuwa katika kilima cha Gollenberg, karibu na kijiji cha Stölln, pamoja na fundi wake Paul Beylich. Siku ilikuwa ya jua na upepo wa wastani. Yeyote aliyewahi kusimama juu ya vilima vya Iveti au Mua adhuhuri anaijua hali inayofuata, hata kama hajawahi kuipa jina. Jua hupasha moto shamba lililolimwa kuliko msitu ulio kando yake. Hewa ya juu ya shamba hujaa joto, hujikusanya, kisha hubanduka na kupanda kwa mkupuo kama moshi wa jiko. Mwewe huingia katika mkupuo huo akazunguka bila kupiga bawa hata mara moja. Kwa mwewe ni ngazi. Kwa mtu anayening'inia katika fremu ya fito, asiyeweza kuzunguka wala kupinda mabawa yake kwa wepesi, ni mtego.

Aliruka salama kwanza. Katika mruko uliofuata chombo kilisimama ghafla hewani, kana kwamba kimeshikwa. Bawa linapoinuliwa mno dhidi ya upepo, hewa huacha kuteleza juu yake na kulibeba. Chombo huwa mzigo mtupu. Beylich alimwona akirusha miguu kutafuta mizani. Kisha pua ikainama na chombo kikaporomoka kutoka kimo cha takriban mita 15. Siku hiyo lile tao la kumkinga halikuwa limefungwa.

Mwanzoni Lilienthal hakutambua ukubwa wa jeraha lake. Shingo ilikuwa imevunjika na viungo vimekufa ganzi. Alipelekwa kijijini, kisha kwa gari moshi hadi Berlin katika kliniki ya daktari bingwa Ernst von Bergmann. Alifariki tarehe 10 Agosti, akiwa na miaka 48. Juu ya kaburi lake huko Lankwitz yamechongwa maneno ya kujitoa mhanga ambayo yanadaiwa kuwa ndiyo aliyoyatamka mwisho. Watafiti wa maisha yake wanayatilia shaka. Sisi tuliokulia katika simulizi za kina Fumo Liyongo tunafahamu jinsi jamii isivyokubali shujaa afe bila kauli.

Mita 15 ni kimo cha jengo la ghorofa nne au tano. Ni juu mno kwa mtu kuanguka akapona, na ni chini mno kwa mwavuli kufunguka. Anayeruka na chombo cha kuvaa huishi katika tabaka hilo, na injini haijamtoa humo. Huko Marekani, Wendell Moore wa kampuni ya Bell alibuni mkanda wa roketi wa kufungwa mgongoni, unaotumia mvuke wa haidrojeni peroksaidi. Mwezi wa Februari 1961, akiufanyia majaribio mwenyewe, alianguka kutoka kimo kisichozidi mita tatu, akavunjika goti, asiruke nao tena. Tarehe 20 Aprili mwaka huo mwenzake Harold Graham aliruka bila kamba kwa sekunde 13, mita 34 hivi. Mafuta yote yaliyoweza kubebwa yalitosha sekunde 21 tu. Atakayechelewa kushuka hana bawa la kumfanya aelee, kwani mkanda hauna bawa. Mwezi wa Novemba 2020 Mfaransa Vincent Reffet, aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wa kuruka na bawa la injini za jeti mgongoni, alifariki akiwa mazoezini Dubai. Kati ya Stölln na Dubai pana miaka 124. Nguvu imepatikana maradufu. Nafasi ya kusahihisha kosa karibu na ardhi haijaongezeka sana.

Basi je, Lilienthal alikuwa mtu wa kujiponza? Magazeti yetu hutuletea mara kwa mara habari za kijana aliyejiundia helikopta au ndege uani kwa vyuma chakavu, na wasomaji hugawanyika, hawa wakimwita shujaa, wale mwendawazimu. Lilienthal hatoshei katika kapu lolote kati ya hayo. Alipima kwa miaka mingi kabla ya kujitupa. Alianza na mita 25. Alijenga kilima badala ya kwenda mlimani. Mwaka wa 2016 kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani kiliunda nakala ya chombo chake na kukipima katika handaki la upepo, ikabainika kwamba kilikuwa kimebuniwa barabara na kina uthabiti wa kutosha. Kosa lake, kama ni kosa, si pupa. Ni kwamba mafanikio 2,000 yalimthibitishia njia ambayo ilifaa kwa siku za upepo mtulivu.

Habari za kifo chake ziliwafikia ndugu wawili wenye duka la baiskeli huko Dayton, Marekani: Wilbur na Orville Wright. Kwao ilikuwa ndege mbaya iliyozaa jambo jema. Walisoma maandishi yake, wakaamua kwamba fumbo lililobaki si namna ya kuinuka, bali namna ya kujiongoza baada ya kuinuka. Wakabuni nyaya za kupinda mabawa ili rubani asitegemee miguu yake. Mwaka wa 1901 vyombo vyao vilipokosa nguvu waliyoitarajia, walianza kuyashuku majedwali ya Lilienthal. Walijenga handaki dogo la upepo, wakapima upya, wakakuta kwamba kwa sehemu kubwa vipimo vya marehemu vilikuwa sawa. Kosa lilitokana na kadirio la zamani la msukumo wa hewa walilokuwa wamelitumia katika hesabu zao. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka na injini.

Percy Pilcher hakusubiri. Alikuwa mwanafunzi mwaminifu wa Lilienthal, akiruka kwa kurusha mwili kama mwalimu wake. Mwishoni mwa Septemba 1899, mbele ya watazamaji katika shamba la Stanford Hall nchini Uingereza, sehemu ya mkia wa chombo chake ilivunjika. Alianguka, akafariki siku mbili baadaye akiwa na miaka 32.

Gustav, yule aliyekimbia naye usiku vilimani Anklam, aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliziona ndege za injini zikijaza anga ya Berlin, lakini hakuridhika nazo. Aliendelea kuunda mtambo wa mabawa ya kupiga, kama walivyokusudia utotoni, akaushughulikia hadi alipofariki mwaka wa 1933. Haukuruka.